Vigofu vya Wahida

Wahida binti Tuaibo alikuwa na kazi ambayo watu wa mji wa pwani wa Mocímboa da Praia waliiheshimu bila kuijulia jina. Pakiwa na harusi, ndiye aliyepamba ukumbi, ndiye aliyefunga vitambaa vya viti, na juu ya yote ndiye aliyetengeneza keki. Keki zake zilikuwa za ghorofa saba, na katika hizo saba iliyolika ni moja, ile ya chini. Sita za juu zilikuwa esferovite tupu, lile povu jeupe gumu linalokuja limeizunguka friji ndani ya boksi. Wahida alilikata duara, akalipaka krimu, akalichomeka maua. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Wageni walikula ghorofa ya chini na kuzisifia za juu. Mwaka mmoja mjomba wa bwana harusi, aliyefika kwa kuchelewa na njaa yake, alikata ghorofa ya tano, akatafuna, akameza, akasema ni kavu kidogo lakini afadhali haikuzidi sukari.

Ulipofika mwaka wa kukimbia vita, Wahida alikimbia na wenzake, mkononi ana kisu cha kukatia povu, kwa kuwa ndicho alichokuwa amekishika. Alikaa Pemba, mji mkuu wa mkoa, karibu miaka mitatu, kwa shemeji yake, nyumba ya vyumba viwili na watu kumi na saba. Mume hakuwa naye. Mume alikuwa ameshamwacha kabla ya vita, kwa hiyo hilo haliwezi kutiwa kwenye hasara za vita.

Aliporudi alikuta nyumba yake ina kuta hadi usawa wa dirisha, haina paa, haina mlango. Friji ilikuwa imekwenda na walioichukua. Lakini lile povu la friji, na la friji za watu wengine alilokuwa analikusanya nyuma ya choo, alilikuta lote, jeupe, halijaguswa. Hata mwizi ana kitu anachokidharau. Wahida akaezeka chumba kimoja, akaweka povu lake pembeni, akakaa kungoja harusi.

Harusi zilikuja, maana watu huoana hata wakiwa kwenye foleni ya mchele wa msaada, ila hakuna aliyeagiza ghorofa saba. Waliagiza mbili. Katika moja ya harusi hizo, iliyofanyika chini ya turubai, mtu mmoja aliizunguka keki mara tatu, akainama, akaigonga ghorofa ya juu kwa ukucha.

"Hii ni esferovite," alisema.

"Hilo halisemwi," Wahida alimjibu.

Mtu huyo aliitwa Edmilson, fundi mkubwa wa umeme kutoka Beira, aliyeletwa na kampuni yake kusimamisha nguzo upya kwenye njia ya Awasse. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na minane, ana kitambi cha heshima na miwani. Walizungumza Kireno, Edmilson Kireno cha chuo na Wahida Kireno cha darasa la sita kilichokomazwa na soko la Pemba. Edmilson alitoa simu akamwonyesha picha. Zilikuwa za wanajeshi wadogo wa plastiki, kila mmoja urefu wa kiungo cha kidole, wamepakwa rangi hadi vifungo vya nguo. Alieleza kwamba Jumapili, yeye na wenzake watatu hupanga majeshi hayo juu ya meza, wakarusha dadu, wakapima hatua kwa futi, wakapigana kuanzia asubuhi hadi adhuhuri.

"Mnapigana nani na nani?"

"Sisi kwa sisi. Ni mchezo, Dona Wahida."

"Wa watoto wenu?"

"Wetu."

Wahida alimtazama kitambi, akaitazama miwani, akamrudishia simu kwa adabu. Edmilson akaendelea. Majeshi wanayo, alisema, lakini uwanja wa vita hawana. Wanapigana kati ya makopo ya maziwa na vitabu vilivyosimamishwa. Wangetaka mahali penyewe hasa: nyumba, miti, njia, kisima. Na kama ingewezekana, wangetaka kijiji kilichobomolewa.

Wahida alicheka hadi akaushika mlingoti wa turubai.

"Enjinyero, umetoka Beira mpaka hapa kuagiza magofu? Toka nje, chagua. Hatuuzi, tunagawa."

"Yawe madogo," Edmilson alisema, bila kucheka, kwa sababu alikuwa na shauku, na mwenye shauku huchelewa kusikia. "Mlango uwe mkubwa kuliko huyu kwa kichwa kimoja." Akatoa mfukoni askari mmoja wa plastiki, akamwekea kiganjani.

Ndivyo Wahida alivyorudi nyumbani na mwanajeshi. Alimsimamisha kwenye kizingiti cha dirisha, karibu na kikombe cha mswaki. Shoga yake Nazira, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka hapo na ambaye siku haikumwishia bila kuchungulia, aliuliza huyo ni nani.

"Ni kipimo," Wahida akajibu.

Kazi ilimchukua mwezi na nusu. Seremala alimkatia plaibodi pana kama kitanda. Wahida akachomoa waya mwembamba kwenye jiko la umeme lililokufa, akauvuta kati ya misumari miwili, akauunga na betri ya pikipiki; waya ulipopata moto ulipita ndani ya povu kama wembe katika siagi, hauachi chenga. Kuta akazipaka gundi ya seremala iliyochanganywa na mchanga uliochekechwa, zikakauka, zikawa udongo kabisa. Makuti akayafanya kwa nyuzi za kumbi la nazi. Bati lilitoka kwenye kopo la soda, akalikunja mistari kwa uma. Minazi ilikuwa waya na katani iliyotiwa rangi ya kijani. Miembe ilikuwa sponji ya kuoshea vyombo iliyonyofolewa vipande.

Jambo moja lilimshinda mwanzoni, nalo ni kubomoa. Alijaribu kujenga gofu moja kwa moja, akapata kitu kinachofanana na jino bovu. Siku ya tatu akatambua kwamba nyumba haibomoki kabla haijajengwa. Kwanza ijengwe nzima, ina mlango wake na kibaraza chake, ndipo ivunjwe. Sasa akahitaji kujua inajengwa nyumba gani, na nyumba alizozijua kwa kufumba macho zilikuwa za mtaa wake. Basi akaujenga mtaa wake. Nyumba ishirini na tatu, msikiti mdogo, kisima, kiwanja cha mpira, kila kitu mahali pake, kama ilivyokuwa siku moja kabla ya kukimbia.

Kila kitu mahali pake isipokuwa kimoja. Kati ya kiwanja chake na cha Mzee Latifo palikuwa na ua wa minyaa, na ua huo, kwa maoni ya Wahida, ulikuwa unatembea. Kila masika ulisogea kidogo upande wake. Waligombana juu yake miaka kumi na moja. Wakaletwa wazee, wazee wakapima kwa kamba, wakampa haki Mzee Latifo, na tangu siku ile salamu zao zilipitia kwa Nazira. Vita vilipokuja, Latifo alikimbilia upande wa Montepuez na tangu hapo habari zake zilikatika. Ua wenyewe ulikuwa umefyekwa, hakuna aliyejua na nani, na ardhi mahali hapo ilikuwa laini, haina kumbukumbu.

Wahida alipofika kwenye ua huo, ameshika kijiti chenye gundi, aliangalia huku na huku ingawa alikuwa peke yake. Kisha akaupachika upana wa kidole kimoja ndani ya kiwanja cha Latifo. Juu ya ubao, kidole kimoja ni sawa na hatua moja ya mtu mzima. Akajiambia ni mchezo. Usiku alilala usingizi mzuri kuliko miezi mingi.

Halafu akaanza kubomoa. Nyumba yake aliibomoa ya kwanza, haraka, maana aliijua ilivyo. Ya Nazira aliiomba radhi. Siku moja rangi ya kupuliza ilimponyoka ikapiga ukuta ambao haujapakwa gundi, na povu likaanza kuyeyuka, likala ndani kwa ndani, likaacha kingo nyeusi zilizojikunja. Alitaka kulia, kisha akaangalia vizuri. Hivyo ndivyo ukuta unavyokuwa baada ya moto. Akachukua rangi ile akaenda nayo nyumba hadi nyumba. Mwisho, kama Edmilson alivyoomba, akazamisha bakuli lililopashwa moto katikati ya povu la kiwanja cha mpira likaacha shimo la kombora, akalipaka vanishi ndani lionekane limetuama maji ya mvua.

Edmilson alipouona ubao alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Dona Wahida, tumeona picha za mafundi wa nje wanaofanya kazi hii miaka ishirini. Hakuna aliyepata huu uhalisi. Umejifunzia wapi?"

"Hapahapa," Wahida alisema.

Walimwalika Jumapili moja aje aone. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, ana soda yake mkononi, akawatazama watu wazima wanne wameinama juu ya mtaa wake. Walikuwa wapole sana. Walisema "samahani" kabla ya kulipua kitu. Ugomvi mmoja tu ulitokea, wakati askari watatu walipojificha nyuma ya ukuta wa nyumba ya Nazira. Mmoja akasema wako salama, mwingine akasema hapana.

"Wanaonekana dirishani!"

"Hawaonekani. Na hata wakionekana, ukuta ni kinga."

Wakamgeukia Wahida, kwa kuwa ndiye aliyeujenga.

"Ukuta huu wa nini, Dona Wahida?"

"Wa udongo na fito."

"Basi ni kinga?"

"Risasi hupita," alisema Wahida. "Hupita ukuta wa mbele, ikapita na wa nyuma. Ukilala chini kabisa, labda."

Edmilson alikohoa, akafungua kitabu cha kanuni, akatafuta ukurasa. Kitabu, kilichoandikwa nchi ya mbali, kilisema ukuta wa aina yoyote ni kinga. Walifikiri kidogo, kisha wakakifuata kitabu. Askari watatu wa nyumba ya Nazira wakapona. Wahida alifurahi kwa ajili yao, akamaliza soda yake.

Mambo yangeishia hapo kama si Jamaldine. Jamaldine alikuwa sekretario wa mtaa, mtu mwema mwenye woga wa wakubwa, na alifika kwa Wahida Jumatatu asubuhi akiwa amevaa koti katika joto lile, dalili kwamba ana shida.

"Dada Wahida, Alhamisi unakuja ujumbe kutoka Pemba. Wanakuja kuona mpango wa kuujenga mtaa upya."

"Mpango upo?"

"Upo, umeandikwa. Ila wanataka makete. Mfano mdogo wa mtaa, juu ya meza, wauone kwa macho. Tuliagiza tangu mwezi wa pili." Akajipangusa jasho. "Haujaja. Nimesikia wewe unao."

"Ninao wa magofu, Bwana Sekretario."

"Si uyaezeke?"

Edmilson na wenzake walikuwa wanakwenda likizo, wakaacha ubao kwa moyo mweupe. Wahida akafunga mlango kwa siku tatu. Kile alichokijenga kwa mwezi na kukibomoa kwa wiki mbili, alikirudisha kwa siku tatu: kuta zikapanda, makuti yakarudi, makopo ya soda yakawa bati. Alimaliza Jumatano adhuhuri, na Nazira aliyekuja na wali wa nazi alisimama mlangoni akasema serikali ingemwajiri huyu, watu wote wangekuwa ndani kabla ya mvua.

Alasiri ile ubao uliwekwa katika ofisi ya mtaa, na habari ikaenea kwamba mpango umefika. Hakuna aliyeambiwa kwamba ni mchezo. Watu waliingia wanne wanne, wakatafuta nyumba zao, wakaziona. Kisha wakamfuata Wahida nyumbani kwake. Mmoja aliomba nyumba yake ielekezwe kibla vizuri zaidi. Mwingine alileta mayai, akasema kwa upole kwamba jirani yake amepewa bati na yeye makuti, na hakuelewa kosa lake. Mama mmoja alitaka mwembe uliokuwa unamwangushia majani uani uondolewe. Wahida aliwaeleza kwamba hii ni povu tu, ndugu zangu, povu la friji. Waliitikia kwa vichwa kama watu wanaoitikia maneno ya afisa, na yule wa mayai akaongeza mengine mawili. Kabla jua halijazama alikuwa amerudi ubaoni, amegawa bati tatu, ameng'oa mwembe, na Nazira amepata kibaraza.

Ua wa Latifo hakuna aliyeutaja. Latifo hakuwepo, na wasiokuwepo hawaleti mayai.

Ujumbe uliongozwa na Doutora Gracinda, mwanamke mtulivu wa asili ya nyanda za juu za mkoa, ana daftari na viatu vilivyojaa vumbi la barabara. Aliuzunguka ubao polepole. Alisema ameona makete nyingi mkoani, na nyingi zilikuwa maboksi meupe yasiyo na mtu; hii ilionekana imekaliwa. Jamaldine alivimba ndani ya koti lake. Kisha Doutora akanyoosha kalamu katikati ya kiwanja cha mpira.

"Na hili ni nini?"

Wahida, aliyesimama ukutani, aliifuata kalamu kwa macho. Katika nyumba ishirini na tatu na msikiti, alikuwa amelisahau shimo la kombora.

"Hilo," alisema Jamaldine, na macho yake yakatembea dari nzima yakitafuta msaada, "hilo ni bwawa la samaki."

"La jamii nzima?"

"La jamii nzima, Doutora."

Doutora Gracinda aliandika mistari mingi. Picha zikapigwa kutoka juu, kutoka pembeni, na moja ya Jamaldine akilionyesha bwawa. Wakanywa chai, wakapanda gari, wakaenda zao.

Miezi minne ikapita. Kwa kawaida vitu vya namna hii huenda Pemba kufa, lakini mpango huu haukufa. Ulirudi ukiwa karatasi kubwa yenye mihuri mitatu, umechorwa kwa kufuata zile picha, na pamoja nao akaja mpima ardhi aitwaye Clésio, na kundi la watu wenye majembe. Nyumba zingengoja fedha, ikaelezwa. Lakini bwawa lilikuwa na fungu lake tayari. Kwa hiyo kitu cha kwanza kujengwa upya katika mtaa ule kilikuwa shimo la kombora. Lilichimbwa katikati ya kiwanja cha mpira, la duara safi, na timu ya mtaa ikahamia kucheza nyuma ya shule. Samaki waliahidiwa. Vyura walikuja wenyewe.

Baada ya bwawa, Clésio alianza kupigilia vigingi vya mipaka. Wahida alikiona kigingi kilichosimama kati yake na Latifo. Kilikuwa hatua moja ndani kwa Latifo, bila kukosea hata nusu shibiri, chenye rangi nyekundu kichwani. Alikitazama siku ya kwanza kwa raha. Siku ya pili akapanda mstari wa mihogo. Siku ya tisa Mzee Latifo akarudi.

Alishuka kwenye lori la mahindi akiwa na begi moja, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote. Alikwenda moja kwa moja kiwanjani kwake, akasimama, akapima kwa miguu, akapima tena. Kisha akaenda ofisini. Jamaldine akamkunjulia karatasi yenye mihuri mitatu. Saa kumi jioni Latifo alibisha hodi kwa Wahida, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ugomvi ule uanze.

"Karibu, Mzee Latifo. Pole na safari."

"Nimeshapoa." Akakaa kwenye mkeka, akakataa chai, kisha akaipokea. "Wahida, sikuja kugombana. Wameniingilia hatua nzima. Sekretario anasema mpango umepita. Nataka shahidi." Akakiweka chini kikombe. "Wazee waliopima wamekufa, Mungu awarehemu. Mimi na wewe tumetukanana juu ya ule ua tangu binti yangu hajaolewa. Hakuna mtu duniani anayejua ulipokuwa kuliko wewe. Nakuomba uje unishuhudilie."

Wahida alimmiminia chai nyingine ndani ya kikombe kilichojaa, ikamwagika mkekani. Latifo akadhani ni huruma, akasema usijali, usijali.

Kesho yake asubuhi Wahida alikuwa mlangoni kwa Jamaldine kabla ofisi haijafagiwa.

"Bwana Sekretario, ule ua niliuweka mimi. Niliuweka kwa chuki. Haukuwa pale."

"Sikusikia," alisema Jamaldine.

"Na ule ubao si mpango. Ni uwanja wa wanasesere wa Edmilson. Waambie Pemba."

"Dada Wahida, unataka mimi niandike Pemba, kwa mkono wangu, kwamba tumewaonyesha kitu cha kuchezea, na kwamba bwawa lile—" Alishindwa kumaliza. Nje vyura walimsaidia. "Mpango hauwezi kubadilishwa. Una mihuri."

"Basi nitakwenda mwenyewe kwa Doutora."

Jamaldine alikwenda dirishani, akakaa huko muda mrefu akiwa amemgeuzia mgongo.

"Mpango haubadilishwi," alisema tena, polepole, kama mtu anayelitafuta jiwe la kukanyagia mtoni. "Lakini makete ni kitu cha mikono. Inaweza kulegea. Kitu kikilegea hutengenezwa, na anayetengeneza ni fundi wake. Mimi sasa nakwenda kunywa chai."

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. Wahida alitoa kisu chake, akaung'oa ule ua wote, uzi kwa uzi, akaurudisha upana wa kidole upande wa kwake. Gundi ilipokauka Clésio aliitwa kuona kwamba makete imefanyiwa matengenezo. Clésio alikuwa kijana wa kazi, hakuwa na maswali. Alipiga picha, akaiweka sambamba na karatasi, akakunja uso, akaandika neno "marekebisho" pembeni, na kabla ya adhuhuri kigingi chekundu kilikuwa kimehama. Mstari wa mihogo wa Wahida ukabaki nchi ya watu.

Angeweza kuyaacha hapo. Latifo alikuwa ameshamshukuru mara mbili, mbele ya watu, kwa ushahidi mzuri aliodhani ameutoa. Lakini shukrani ile ilimkaa kooni kama mwiba wa kibua, na siku ya pili akamchukua mzee hadi ofisini, akamsimamisha mbele ya ubao, akamweleza yote, tangu keki hadi kidole.

Latifo alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mzee aliinama juu ya ubao na mikono mgongoni, akatafuta njia kutoka msikitini, akageuka penye kisima, akafika kwake.

"Mlango wangu ulikuwa wa bluu," alisema.

"Ndiyo huo, wa bluu."

"Na nguzo ya kati ya kibaraza ilikuwa imepinda."

"Imepinda, tazama vizuri."

Alitazama vizuri. Pua yake ilikaribia kuligusa paa. Wahida alimsikia akivuta pumzi.

"Ulikumbuka mpaka nguzo," Latifo alisema mwishowe.

"Nilikuwa naiona kila siku nikikutukana."

Mzee aliinuka, akanyoosha mgongo, akajifuta macho kwa kanzu kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Wahida alikuwa tayari kwa laana na tayari kwa msamaha. Latifo akanyoosha kidole kwenye ubao.

"Na ile nusu hatua ya upande wa kisimani?"

"Nusu hatua ipi?"

"Ua ulikuwa unapinda pale. Ulikuwa unakuja kwako."

"Haukupinda hata siku moja! Wazee walipima kwa kamba!"

"Kamba ilikuwa imelegea!"

Nazira, aliyekuwa anapita na ndoo, alisimama dirishani akasikiliza, na jioni alisimulia mtaa mzima kwamba sasa kweli watu wamerudi.

Edmilson alirudi kutoka likizo iliyorefushwa na kazi za Beira, naye akauomba uwanja wake. Jamaldine alimfahamisha kwa masikitiko kwamba ubao huo umekuwa hati ya serikali na hauwezi kutoka ofisini bila kibali, sembuse kupigwa makombora. Edmilson alikubali kwa haraka ya kushangaza. Alikuwa amerudi na jeshi jipya, la nchi za baridi, makoti marefu na buti, akataka kijiji cha huko. Kilichobomolewa, kama inawezekana.

"Cha watu gani?" Wahida aliuliza.

"Hakina watu, Dona Wahida. Ni cha kubuni."

Hilo lilimpendeza. Akajenga nyumba za mawe zenye paa zilizochongoka, akazibomoa bila kumwomba mtu radhi. Theluji ilimsumbua, hakuwahi kuiona. Edmilson alimweleza hukaa juu ya paa na pembeni mwa kuta, laini, isiyo na alama. Wahida akajaribu chokaa, ikapasuka. Akajaribu chumvi, ikayeyuka. Mwisho akapaka gundi nyembamba, akachekecha juu yake unga wa muhogo, na alipopuliza unga uliozidi, baridi ikaingia katika kijiji kile hata yeye mwenyewe akajifunika kanga. Akautoa ubao uani ukauke, akaingia ndani kuosha mikono.

Alipotoka, kuku wanne wa Mzee Latifo walikuwa katikati ya barabara kuu, wanadonoa theluji kutoka kwenye paa la kanisa.

"Mzee Latifo!" alipiga kelele. "Kuku wako wamevuka mpaka!"

"Mpaka upi?" ilijibu sauti ya upande wa pili.